Nimekuja Kumfuata Sufiani

Bi Maimuna alimwona Shadia tangu akiwa bado chini kwenye daraja, akishuka kwenye bodaboda na kukunja pindo la baibui mkononi lisiguse tope. Alimtazama akipanda kinjia chote kile kati ya migomba na midalasini, na hakuinuka. Aliendelea kuchambua karafuu zake kwenye jamvi kama mtu asiyetarajia mgeni.

"Shikamoo mama," Shadia alisema, akihema.

"Marahaba."

Neno la karibu halikufuata. Nyumba hii ilimpokea kwa vigelegele miezi michache tu iliyopita, akatandikiwa mkeka mpya, akapewa mtoto wa jirani ampakate apate baraka. Leo alibaki amesimama uani, jua la saa nne likimpiga mgongoni.

"Mama, nimekuja kumfuata Sufiani."

"Hayupo."

"Nitamsubiri."

"Utasubiri nini?" Bi Maimuna aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, macho ya mtu asiyelala vizuri. "Mjomba wake hakufika kwenu? Hakusema na baba yako?"

"Alifika. Alisema na baba. Mimi hakusema na mimi hata neno moja."

"Basi imeisha hiyo. Wakubwa wameshazungumza."

"Wamezungumza wao, mama. Mimi na Sufiani hatujazungumza."

Bi Maimuna akarudisha macho kwenye karafuu.

Shadia Abdulmajid alikuwa mhandisi wa vifaa tiba mjini Morogoro, binti wa fundi cherehani wa Mji Mpya. Mwalimu Sufiani Salehe alimjua siku Shadia alipopanda Kinole, kijiji hiki cha mlimani, kutengeneza jokofu la chanjo la zahanati. Mwalimu yule wa hesabu alikuja na darasa lake zima kutazama jokofu linavyofunguliwa. Watoto waliuliza maswali mawili matatu. Mengine yote aliuliza mwalimu. Watoto walipokwisha kurudi darasani alibaki na swali la mwisho: jokofu likiharibika tena, atakuja yeye au watamtuma mwingine?

"Inategemea," Shadia alimjibu bila kuinua kichwa. "Litaharibika lini?"

"Wiki ijayo," Sufiani akasema.

Hapo ndipo Shadia alipoinua kichwa, na akaona macho yanayocheka katika uso uliojitahidi sana kutocheka. Habari yao ilianzia hapo. Posa ikapelekwa, ikapokelewa, na siku ya harusi ikapangwa. Kisha ukaja ule utafiti.

Timu ya watafiti ilikuwa inajaribu kifaa kipya cha kupima moyo: ultrasound ndogo ya kushika mkononi, inayochomekwa kwenye kishikwambi. Ndani ya kishikwambi mlikuwa na programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa maelfu ya picha kutambua valvu, yaani vilango vya moyo, zilizoharibika. Ugonjwa huo huanza utotoni, kwa maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa, halafu hula valvu taratibu kwa miaka mingi bila mtu kujua. Shadia alikuwa mhandisi wa timu, na walikuja Kinole kupima watoto wa shule. Watoto wakaogopa, wakajibanza ukutani. Mwalimu Sufiani akacheka, akavua shati, akajilaza juu ya meza mbele ya darasa.

"Mnaona? Haiumi. Ni baridi tu ya hii jeli."

Shadia ndiye aliyeshika kifaa siku ile. Alikiona mwenyewe kilango cha upande wa kushoto wa moyo wa mchumba wake kikifunguka nusu, kimekakamaa, hata kabla kishikwambi hakijaonyesha alama nyekundu. Dkt. Juliana, daktari wa moyo wa timu, alimlaza hospitali ya mjini, akampima tena kwa mashine kubwa, kwa maana kile kifaa kidogo bado kilikuwa kwenye majaribio na wakati mwingine kilikosea. Safari ile hakikukosea. Valvu ilikuwa imebana na ilikuwa inazidi kubana. Akamwambia aende Dar es Salaam akazibuliwe, na asichelewe.

Sufiani hakwenda. Alirudi Kinole, akazima simu, na baada ya muda mjomba wake akateremka mjini kuvunja uchumba.

Mzee Abdulmajid hakubisha. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kijana simkatai," alimwambia bintiye. "Ninachokataa ni kukuona mjane kabla hina haijafutika mikononi." Shadia alilia hadi akachoka, kisha akaacha kulia na kuanza kubishana. Jana, baada ya swala ya Alasiri, mzee alikubali kwa sharti moja: Sufiani aje mwenyewe, kwa miguu yake, aombe upya. Akija, atawaozesha. Shadia akirudi peke yake, jina hilo lisitajwe tena nyumbani kwake.

Kwa hiyo hakuwa na nia ya kuondoka uani pale.

"Ulikuja na hicho kidude chako mwanangu akiwa mzima," Bi Maimuna alisema ghafla. "Anafundisha, analima, anabeba mikungu. Mkampaka mafuta kifuani, maradhi yakaanza."

"Hakuwa mzima, mama. Alikuwa anakohoa akilala. Alikuwa anaamka anakaa kitako ndipo apumue. Wewe mwenyewe uliniambia, ukasema ni baridi ya huku mlimani."

Mikono ya Bi Maimuna ilisita juu ya jamvi. Kisha akaelekeza kwa kidevu juu, upande wa mikarafuu.

"Yuko shambani. Mwambie chakula kinakaribia. Uyaseme uliyokuja nayo, kisha ushuke."

*

Sufiani alikuwa amekata mkungu mmoja tu wa ndizi. Ulikuwa umelala chini karibu na kijito, na yeye amechuchumaa kando yake, kiganja kimefunika kifua, mdomo wazi. Aliposikia majani yakikanyagwa alisimama upesi na kuondoa mkono kifuani. Alikuwa amekonda. Shati alilonunuliwa na Shadia sikukuu iliyopita lilimning'inia mabegani.

"Nani amekuleta?" aliuliza.

"Bodaboda."

Karibu acheke. Shadia aliona cheko likija, na akaona linavyorudishwa.

"Shadia, shuka. Mvua itakukuta."

"Nitashuka. Na wewe."

"Mjomba hakufikisha ujumbe?"

"Alimfikishia baba. Mimi nataka unifikishie mwenyewe. Niambie kwa mdomo wako kwamba hunitaki, naondoka sasa hivi."

Sufiani alifungua mdomo. Kijito kiliendelea kupiga kelele zake kwenye mawe. "Siwezi kukuoa," alisema.

"Sijauliza kama unaweza. Nimesema useme hunitaki."

Akageuza uso, akatazama mtoni.

"Huwezi kusema," Shadia alisema, na sauti yake ikapungua ukali. "Sasa tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Unamkumbuka kaka yangu Salum?"

"Nimemsikia tu. Sikumjua."

"Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Alitoka shamba hili hili, mkungu begani, anaimba. Pale kwenye kona ya mwembe akatua mkungu, akakaa, akalala. Tulipofika alikuwa ameshakwenda." Alinyamaza avute pumzi, na Shadia akamwacha aivute. "Mkewe alikaa eda kwenye chumba kile cha pembeni pale chini. Msichana mdogo, ndoa haijamaliza mwaka. Mimi kitanda changu kilikuwa ukuta wa pili. Nilimsikia, Shadia. Kila siku nilimsikia. Sitaki na wewe uje ulie kwenye chumba kile."

"Salum hakuambiwa na mtu," Shadia alisema. "Wewe umeambiwa."

"Nimeambiwa nini? Kwamba watanipitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, halafu wapulize puto humo ndani. Puto! Kama tunasherehekea kuzaliwa kwa mtoto. Likipasuka je? Mkono wa daktari ukiteleza je?"

"Unaweza kufa. Sikufichi. Inatokea, ila kwa wachache sana. Wengi kesho yake wanatembea wodini wanaulizia chai."

"Na mama? Nikiwa mmoja wa hao wachache, mama anabaki na nani?"

"Usipokwenda anabaki na nani?"

Sufiani alikaa juu ya jiwe, taratibu. Shadia akajua kwamba hakukaa kwa sababu ya mazungumzo. Macho yake, bila yeye kutaka, yakashuka kwenye kifua cha Sufiani, yakaanza kuhesabu jinsi kinavyopanda na kushuka.

"Unaona?" Sufiani alisema kwa uchungu. "Ndicho unachofanya. Tangu siku ile darasani huniangalii. Ulikuja kuniona hospitali, ukaniletea uji, ukakaa kitandani kwangu, na muda wote macho yako yako hapa." Alijipiga kifuani kwa vidole. "Nilikuwa mchumba wako. Nikageuka picha kwenye kioo chako. Nikasema moyoni, huyu hanipendi tena, ananionea huruma. Na huruma sitaki. Afadhali nikuache mimi, kuliko uniangalie hivyo mpaka siku ya mwisho."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Shadia alitaka kukana, akashindwa.

"Niliogopa," alisema. "Nikikuangalia usoni nilikuwa nataka kulia. Nikaona bora niangalie kifua. Kifua nakielewa. Najua kilipoharibika na najua kinavyotengenezwa. Uso wako siujui namna ya kuutengeneza, Sufiani. Nikiuona una huzuni naishiwa nguvu."

Alisogea, akapiga magoti kwenye majani yenye unyevu, akamwangalia usoni. Akaangalia kope, na kovu dogo la juu ya nyusi alilolipata utotoni, na midomo ambayo rangi yake haikuwa nzuri. Hakukwepesha macho, na wala hakuyafuta yalipojaa. Sufiani naye hakukwepa. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana usoni tangu siku ile ya darasani. Mkono wa Sufiani uliinuka kuja shavuni kwake, ukaishia njiani, ukarudi gotini.

"Umekonda," Shadia alisema.

"Na wewe."

"Mimi nimekonda kwa ajili yako. Wewe umekonda kwa ajili ya nani?"

Safari hii cheko lilimponyoka, likageuka kikohozi. Shadia alingoja kikohozi kiishe. Kisha akasema jambo alilolibeba njia nzima kutoka mjini.

"Hidaya wa darasa la nne tulimkuta na tatizo kama lako, ila lake ndiyo kwanza linaanza. Baba yake alikataa katakata. Ni nani aliyekwenda kwao kila jioni mpaka akakubali?"

"Hidaya ni mtoto."

"Hidaya anachomwa sindano kila mwezi. Anaijua inavyouma, anakuja analia, na mwezi unaofuata anakuja tena. Mwalimu wake amejificha shambani."

Sufiani alisimama. "Usiniite mwoga, Shadia."

"Nikuite nani, basi?"

"Hujui ilivyo! Kulala na kuusikiliza moyo wako mwenyewe, ukikosa pigo moja unasema ndiyo leo. Wewe unakwenda nyumbani, unafunga kishikwambi, unalala. Mimi hiki sikifungi!"

"Sijui ilivyo," Shadia alisema, naye amesimama. "Na sikuja kukubembeleza. Nimekuja kukuambia mimi nafanya nini. Mimi naolewa na wewe. Ukipona nitakuwa mkeo, usipopona nitakuwa mkeo. Ila sitakaa Mji Mpya nikisubiri kuletewa habari kwamba umelala kwenye kona ya kaka yako. Baba anakusubiri leo kabla ya Magharibi. Amesema ukimjia mwenyewe atatuozesha. Nakwenda kukaa barazani kwa mama yako. Ukishuka, tunaondoka wote. Usiposhuka, naondoka peke yangu, na mlima huu sitaupanda tena."

Alishuka bila kugeuka nyuma.

*

Barazani alimkuta Mjomba Kibwana ameshafika. Mtu alikuwa amemwambia kwamba binti wa mjini amepanda. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya chini ambayo haikuwahi kupandishwa, kwa sababu haikuwahi kuhitaji. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wa upande huo alikuwa yeye. Neno lake kwa Sufiani lilikuwa zito kuliko hata ambalo marehemu baba yake angelisema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, binti. Keti." Alingoja aketi. "Wewe ni msomi na una adabu zako, sijasikia baya lako. Sasa niambie, nimekuja kwenu, nimesema na mzazi wako kwa heshima, tumeelewana. Leo unapanda mwenyewe. Binti anajiposea?"

"Hapana mjomba. Posa mliileta ninyi. Nilipoulizwa kama nimekubali, niliulizwa mimi, nikasema ndiyo. Ilipoondolewa sikuulizwa. Ndiyo nimekuja kusema kwamba ile ndiyo yangu bado ipo."

Mzee alimtazama kwa muda. Hakukasirika. "Mimi sina ubaya na matibabu," alisema. "Kijana akitaka kwenda Dar, aende, na ukoo utasimama naye. Lakini aende kwanza. Akirudi mzima, nitavaa kanzu yangu, nitashuka mjini mimi mwenyewe, nitaileta posa upya. Hiyo ndiyo njia ya heshima. Kwako pia."

"Na asiporudi, mjomba?"

"Asiporudi wewe utakuwa umesalimika. Hujafiwa na mume."

"Nitakuwa nimefiwa vilevile," Shadia alisema. "Ila nitakuwa sina ruhusa ya kulia."

Jikoni moto ulialika. Bi Maimuna alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na wote wawili hawakujua amesimama pale tangu lini.

"Nataka kukuuliza jambo," alimwambia Shadia. "Unijibu kweli."

"Nakusikiliza mama."

"Salum wangu. Naye alikuwa na hicho hicho?"

Shadia alilijua jibu ambalo lingemsaidia. Lilikuwa fupi, na lingemaliza ubishi wote uliokuwa kwenye baraza ile. Alimtazama yule mama, akaona jinsi alivyoukamata ule mwiko.

"Sijui, mama," alisema. "Inawezekana. Walilala chumba kimoja, wakaumwa koo pamoja, na kuondoka kwake kunafanana na ugonjwa huu. Lakini hakuna aliyempima. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Bi Maimuna alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimshuka bila sauti.

"Miaka yote hii," alisema, "kila anayekuja hapa anajua kilichomuua mwanangu. Mmoja anataja jirani, mmoja anataja mizimu, mmoja anasema nilimlisha hiki, nilimnyima kile. Wote wanajua. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui." Akamgeukia mzee. "Kaka, huyu sitaki aondoke. Mwanangu akienda kwa madaktari, aende na mtu ambaye atanieleza ukweli."

"Maimuna, sijamfukuza mtu. Nimesema tu ndoa ingoje."

"Haitangoja, mjomba."

Sufiani alikuwa amefika upande wa chini wa uwanja. Hakuwa na mkungu. Alikuwa ameshikilia nguzo ya banda la mbuzi, anapumua kwa shida, lakini alisimama wima alipoanza kusema, na hakuna aliyemkatiza.

"Mjomba, unisamehe. Ulikwenda mjini kwa sababu nilikutuma mimi. Nilikuambia sitaki, na haikuwa kweli. Nilikuwa naogopa kufa, nikaona nikimwacha yeye na nikijificha huku, labda hofu itapungua. Haijapungua hata kidogo." Alinyamaza, akavuta pumzi. "Nakwenda Dar. Lakini nataka niende nikiwa na mke. Nikifumba macho kwenye kitanda kile nataka nijue mlangoni kuna mtu wangu. Kama ni kosa, ni kosa langu, nitalibeba mimi."

Mjomba Kibwana alivua kofia, akaigeuza mkononi, akaivaa tena.

"Huyu bwana harusi ana mdomo mrefu kwa mtu asiye na pumzi," alisema mwisho. "Maimuna, pakua chakula. Hatuwezi kushuka kwa wakwe na njaa."

Bi Maimuna akarudi jikoni akifuta macho kwa pindo la kanga. Sufiani alipanda baraza, ngazi moja moja, akaketi. Kati yake na Shadia palikuwa na nafasi ya mtu mzima kukaa, kama adabu ilivyotaka, na hawakugusana hata kidole. Lakini Shadia alijua alivyokuwa anaangaliwa. Uso ulimwaka moto mpaka chakula kilipoletwa.

*

Walifika Mji Mpya jua likiwa bado juu ya paa za nyumba. Mzee Abdulmajid aliacha cherehani yake, akamtazama kijana aliyesimama mlangoni kwake, jasho limemlowesha.

"Unajua kwamba unaweza usirudi kutoka huko Dar?" alimuuliza bila kumkaribisha.

"Najua, mzee wangu."

"Na bado unaniomba binti yangu?"

"Bado naomba. Na nikirudi nitakuja kukuomba radhi kwa yale ya kwanza."

"Radhi omba sasa hivi. Kwa nini tungoje?"

Sufiani akaomba. Mzee alimshika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu kuliko salamu, kisha akamvuta ndani.

Ndoa ilifungwa Ijumaa, baada ya swala, mbele ya watu wachache. Haikuwa na muziki wala magari ya kupamba. Mama yake Shadia alipika pilau, Mjomba Kibwana alikuja na kanzu yake nyeupe na mfuko wa karafuu mpya za kuwapa wakwe, na Dkt. Juliana alikuja na taarifa kwamba nafasi imepatikana wiki inayofuata. Jioni, walipoachwa peke yao kwa mara ya kwanza, Sufiani alimwambia mkewe kwamba anaogopa. Shadia akamwambia naye anaogopa. Wakakaa wameshikana mikono, wakiogopa pamoja, na ilikuwa nafuu kubwa kuliko kuogopa kila mmoja upande wake wa mlima.

Walipanda treni ya umeme kwenda Dar, wao wawili na Bi Maimuna, ambaye hakutaka kusikia habari ya kubaki. Alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikaa dirishani njia nzima ameshika tasbihi, na mara moja tu alisema kwamba mashamba ya huku tambarare yanakimbia sana.

Asubuhi ya siku yenyewe walimchukua Sufiani kwenye kitanda cha magurudumu. Angebaki macho, kwa sababu kazi ile hufanywa kwa ganzi ya pale pajani tu. Wakampa kalamu, akasaini. "Nakwenda," alimwambia mkewe, kama anavyosema mtu anayekwenda dukani. Mlango ukafungwa.

Shadia alikuwa anazijua mashine zote zilizokuwa ndani ya chumba kile. Alijua taa gani inawaka lini, skrini gani inamwonyesha daktari njia ya mrija, na sauti gani si nzuri kuisikia. Asubuhi ile ujuzi huo haukumfaa kwa lolote. Alikaa kwenye benchi kama wake za watu wengine wote, akanywa maji, akaamka, akaketi. Punje za tasbihi zilipita vidoleni mwa Bi Maimuna moja baada ya nyingine.

Mlango ulipofunguliwa alitoka muuguzi, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Ndugu wa Sufiani Salehe ni nani?"

Bi Maimuna aliinuka nusu. Kisha akaketi tena, akamgusa Shadia gotini.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe ndiye mkewe."

Shadia aliingia. Daktari alikuwa anavua glavu. Alimwambia kwamba valvu imefunguka vizuri, kwamba kliniki na sindano za kila mwezi haziepukiki, kwamba wataendelea kumfuatilia kwa miaka mingi. Shadia aliitikia kila neno, na baadaye hakukumbuka kama aliaga. Sufiani alikuwa amelala chali, mguu umenyooshwa asiutikise, macho wazi. Midomo yake ilikuwa na rangi.

"Mke wangu," alisema.

"Abee."

"Nimevuta pumzi, ikashuka mpaka chini kabisa. Sikumbuki mara ya mwisho lini." Aliivuta tena mbele yake amwonyeshe, taratibu, na hakukohoa. "Halafu nina njaa. Njaa mbaya. Nataka ndizi za nazi."

Shadia alicheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia. Akainamisha paji la uso mkononi mwa mumewe, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Aliporudi nje Bi Maimuna alikuwa amesimama katikati ya korido, tasbihi imekazwa kiganjani, hathubutu kuuliza.

"Mama, ni mzima. Anaongea. Anasema ana njaa, anataka ndizi za nazi."

Bi Maimuna alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akaiweka tasbihi ndani ya mkoba, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akamgeukia muuguzi.

"Mwanangu," alisema, "hapa kwenu sokoni ni upande gani?"